Kadi ya Kigoda cha Maposeni

Bi. Mwanaidi alinipigia simu mwezi wa Ramadhani akaniambia kwamba mume wake, Bwana Hamza, ametangulia mbele ya haki. Walikuwa wamekwisha kurudi kwao Tanga miaka mingi iliyopita, na sauti yake sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana, lakini niliitambua kabla hajataja jina. "Skola," akasema, "kama lipo jambo moyoni, mwachilie. Huko aliko hana mdomo tena wa kujitetea." Nikamjibu kwamba nilimwachilia zamani, nikampa pole, tukaulizana habari za watoto na wajukuu. Nilipokata simu nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wangu wa kulia nimeuficha ndani ya khanga. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya mwaka ule kila nilipomwona mtu mwenye sare akija upande wangu. Nimefundisha watoto kusoma na kuandika zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, nimezika na nimeozesha. Mkono ule bado una hofu yake peke yake, na hauniulizi umri wangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, Serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya mtaa wa Majengo ambayo tuliyazoea yakiwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa sabuni za kunukia, redio, vitenge na mitumba. Bwana Hamza alikuja Songea na marobota ya vitenge kama wafanyabiashara wengine, akapanga nyumba ya vyumba vinne karibu na soko, chumba cha mbele akakifanya duka. Vitenge vilimpa riziki, lakini haikupita muda akagundua kwamba wageni waliokuja mkoani, wa miradi na wa misheni, walikuwa wanaulizia vitu ambavyo sisi tulikuwa tunavitumia kufungia milango ya mabanda ya kuku: ngao za ngozi, mikuki ya zamani, vigoda, vibuyu vya ugoro, shanga za bibi. Akaanza kununua. Akahitaji mtu anayejua Kingoni, mwenye mwandiko mzuri, wa kuandika kadi ya kila kitu: kimetoka wapi, kilikuwa cha nani, kilitumikaje. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Nilipanga kitanda kwa mjane mmoja jirani na duka. Niliandika sentensi tatu mbele yake kwenye karatasi ya kufungia vitenge, akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Mwandiko huu ni wa mtu mkweli. Anza kesho."

Stoo ilikuwa chumba cha tatu, kati ya duka na chumba cha kulia. Dirisha lake lilikuwa dogo na limezibwa nusu kwa ubao, kwa hiyo mchana kutwa kulikuwa na mwanga kama wa jioni. Vitu vilipangwa ukutani juu ya magunia. Vilinuka moshi, mafuta ya kondoo, na vumbi la ngozi kavu linaloingia kooni. Niliweka meza yangu chini ya dirisha, kadi upande wa kushoto, uzi wa katani upande wa kulia. Miezi ya kwanza niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote shuleni. Akina mama walikuja wamebeba vitu kwenye khanga, wakakaa chini, wakanieleza. Hiki kibuyu kilikuwa cha mama mkwe, alikuwa mkali, alikitumia kutupigia vichwani. Huu mkuki uliua chui karibu na mto. Nikaandika vilevile walivyosema. Saa saba Bi. Mwanaidi alinigongea ukutani na mwiko, nikaenda kula nao. Alipika wali wa nazi, na nazi zenyewe aliagiza kwao zikaja na mabasi, nyingine zikifika zimechacha. Mimi mtoto wa ugali na likolo, mboga zetu za majani, nilidhani ule ndio utajiri. Tulikula sinia moja, yeye na mimi, na Bwana Hamza alikula peke yake mezani huku akisikiliza taarifa ya habari.

Kisha vitu vikaanza kwisha. Watu hawana vigoda vya babu visivyo na mwisho. Bwana Hamza akampata fundi mmoja nje ya mji, akawa analeta vigoda vyeupe, vipya, vinavyonuka mti mbichi. Siku ya kwanza nilidhani ni vya kuuza dukani. Nikaona anavipeleka uani, anavipaka oili chafu ya gari na masizi, kisha vinatundikwa juu ya jiko la kuni la Bi. Mwanaidi wiki tatu. Vingine vilifukiwa kwenye samadi. Viliporudi stoo vilikuwa na sura ya miaka mia moja. Akaviweka mbele yangu. "Andika," akasema.

"Niandike nini, bosi?"

"Wewe ndiye unayejua historia ya kwenu. Mimi Msambaa nitajua nini?"

Uongo wangu wa kwanza ulikuwa mdogo, neno moja tu, "chifu", nililoongeza kwenye kigoda ambacho hakikuwa na mwenyewe. Bwana Hamza akasoma, akanipa kitenge. Nasema haya bila kujificha nyuma yake. Alinisukuma, ndiyo, lakini nilikwenda kwa miguu yangu, na jambo la kuaibisha ni kwamba nilikuwa hodari. Niligundua kwamba kadi ya kweli mara nyingi haina mvuto, inasema mama mkwe mkali basi, lakini kadi ya uongo unaweza kuipamba mpaka msomaji akashika kifua. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Mama Greta, Mzungu wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, aliyekuwa akikusanya vitu vya asili kwa ajili ya makumbusho ya mji wa kwao. Alizungumza Kiswahili sanifu kutushinda sisi. Alikuja kila baada ya miezi michache, akaketi stoo na miwani puani, akasoma kadi zangu moja moja kimya. Siku moja aliposhusha miwani nikaona macho yake yana machozi. Nilifurahi. Usiku sikuona raha ile ile, lakini mchana ule nilifurahi.

Hofu iliingia kwa mlango wa redio. Bwana Hamza alikuwa anakula, nasi tuko kwenye sinia letu, tukasikia habari ya watu waliokamatwa uwanja wa ndege na vinyago vya kale visivyo na kibali. Alinyanyuka akaizima. Alasiri ile nilikuwa nimerudi stoo, nikasikia sauti zao upande wa pili wa ukuta. Ukuta ule ulikuwa wa tofali moja. Bi. Mwanaidi alisema, "Hamza, biashara hii iache. Watakuja hapa."

"Wakija watakuta nini? Jina langu liko wapi? Mwandiko wote ni wa Skola."

"Mtoto wa watu huyo."

"Mtoto wa watu ana miaka ishirini. Na si yeye peke yake anayetafuta kazi."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliangalia kadi iliyokuwa mbele yangu, herufi zangu nzuri zilizolala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na kwa mara ya kwanza nikaziogopa. Niliwaza kadi zote zilizokwisha kuondoka. Kesho yake Bi. Mwanaidi alinipakulia nyama mbili badala ya moja, na hakuniangalia usoni. Nikajua kwamba anajua kwamba nimesikia. Nilikula zote mbili. Tangu siku ile nikawa naogopa kila kitu: pikipiki inayosimama nje, mteja mwenye suruali ya kaki, posta, hata sauti ya mwenye nyumba akiniita jina langu lote. Nilifikiria kuacha kazi, nikaogopa kwamba nikiacha ndipo atanisema. Nikaendelea kuandika, na hivyo kila siku niliongeza kile nilichokuwa nakiogopa.

Mwezi wa nane Mama Greta akaja na kigoda mkononi. Alikuwa amekinunua safari iliyopita, akakaa nacho Dar es Salaam, moyo wake ukakataa kukisafirisha. "Kadi hii," akasema, "inamtaja mtoto wa mwenyewe, labda yuko hai. Mzee Alfonsi wa Maposeni. Nataka kumwona. Nataka kunasa sauti yake."

Jina lile sikuwa nimelibuni. Nilipohitaji jina la mzee, lilikuja la kwanza lililokuwa karibu: Mzee Alfonsi alikuwa katekista aliyenifundisha mafundisho ya komunyo ya kwanza, mtu ambaye alitusimamisha juani kwa kusema tumefua sare na kumbe hatukufua. Bwana Hamza alitabasamu, akamwambia Mama Greta keshokutwa tutampeleka, na mgeni alipoondoka akafunga mlango wa duka. "Yupo kweli?"

"Yupo."

"Basi nenda kesho ukamtayarishe." Akanifungia sukari kilo mbili, miche ya sabuni na blanketi. "Mwambie ni maneno machache tu. Akikataa, Skola, utamweleza mama yule mwenyewe. Na yeye ana marafiki wengi maofisini."

Nilipanda lori lililokuwa linakwenda Peramiho kubeba mahindi, nikashuka njiani, nikatembea. Nilimkuta Mzee Alfonsi uani na mke wake, Bibi Yustina, wanapukuchua mahindi, mlima wa magunzi umewafikia magotini. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikapewa gunia la kukalia na ungo wangu. Tulipukuchua muda mrefu. Katika nyumba za wazee hukurupuki na shida yako, na mimi nilishukuru kwa desturi hiyo kuliko wakati wowote. Mwishowe Bibi Yustina akaingia jikoni, nikasema yote mara moja, bila kupumua, macho kwenye ungo. Katekista hakuacha kupukuchua.

"Baba yangu umemweka vitani," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Vita ya Majimaji."

"Ndiyo."

"Nani alikwambia alipigana?"

"Hakuna. Niliona wazee wote wa huku baba zao walipigana."

"Wote?" Akaniangalia. Nilitegemea hasira, na sikuiona. Niliona kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake, nikakiogopa zaidi. "Mlete huyo mama."

"Utamwambia nini, babu?"

"Nitamjibu atakachouliza. Sukari hiyo uirudishe ilikotoka."

Siku iliyofuata tulikwenda kwa gari la Mama Greta, yeye na dereva mbele, mimi na Bwana Hamza nyuma na kigoda kati yetu. Bwana Hamza alivaa kanzu nyeupe na kofia safi. Njiani alizungumza habari za bei ya mahindi. Mimi nilikuwa nasali rozari kwa vidole, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Niliomba gari liharibike. Niliomba mzee awe ameitwa mahali. Niliomba pia, na hili sikuliungama kwa muda mrefu, kwamba awe amefariki usingizini.

Alikuwa hai, amevaa koti. Bibi Yustina alikuwa ameandaa ugali na likolo la majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na tulikula kwanza, kwa sababu mgeni hahojiwi akiwa na njaa. Mama Greta alimega ugali vizuri, akasifia. Bwana Hamza alikula kidogo na kusema kidogo. Bibi Yustina alipoondoa vyombo, Mama Greta akaweka mashine yake ya kunasa sauti mkekani, akaweka kigoda mbele ya katekista, akafungua kadi na kuisoma kwa sauti. "Kigoda hiki kilikuwa cha baba yake Mzee Alfonsi wa Maposeni. Alikikalia siku alipokunywa maji ya dawa, akashika mkuki wake, akaondoka kwenda vitani. Mkewe hakuruhusu mtu mwingine kukikalia mpaka aliporudi." Sentensi ile ya mwisho niliipenda sana nilipoiandika. Sasa niliisikia ikisomwa mbele ya mtoto wa mwanamke niliyemtungia hadithi.

Mzee Alfonsi alikichukua kigoda, akakigeuza, akakinusa chini. "Sikijui," akasema. "Kina harufu ya lori."

Bwana Hamza akacheka. "Mzee umri umekwenda, mama. Wanasahau."

"Sijasahau." Hakumgeukia. Alizungumza na Mama Greta, lakini polepole, kama mtu anayesoma somo ambalo amelikwepa misa nyingi. "Mama umeuliza habari za baba yangu. Baba yangu hakupigana. Wenzake walipokwenda, yeye alimchukua mama yangu, wakakimbilia milimani, wakajificha. Wajerumani walichoma nyumba, wakachoma maghala na mashamba. Watu walikufa kwa njaa wengi kuliko kwa risasi. Wao walikula mizizi. Mimi nilizaliwa huko, chini ya jiwe. Waliporudi, waliobaki hapa walimwita baba mwanamke mpaka anakufa. Hakuacha kigoda. Hakuacha mkuki. Aliniambia mara moja tu, alisema, niliogopa, mwanangu, na ningeogopa tena."

Nyuma yangu mlangoni nilisikia kitu kinaanguka. Bibi Yustina alikuwa amesimama pale na bakuli limemponyoka. Alikuwa ameolewa na mtu yule zaidi ya miaka hamsini.

Mama Greta alizima mashine. Aliangalia kadi, akaangalia kigoda. "Nani aliandika hii?" akauliza.

Bwana Hamza alianza, "Unajua mama, mimi ni mfanyabiashara tu, hawa watoto tunaowapa kazi..." Katekista angeweza kuninyooshea kidole na hakuninyooshea. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulikuwa kama nafasi anayonisogezea mtu kwenye benchi. Nikasema, "Ni mimi. Na si hiyo tu."

Nilidhani Mama Greta atapiga kelele. Alitoa daftari kutoka kwenye mkoba, lenye orodha ya vitu vyote alivyonunua kwetu, akaanza kunisomea kimoja kimoja, pale pale mkekani, na mimi nikajibu: kweli, si kweli, si kweli, kweli. Kibuyu cha mama mkwe kilikuwa kweli. Mkuki wa chui ulikuwa kweli. Vingi kati ya vilivyobaki havikuwa. Tulipomaliza akavua miwani. "Vya uongo kumi na moja vimekwisha kwenda," akasema. "Viko kwenye kabati za kioo. Watoto wa shule wanasimama mbele yake na wanasoma maneno yako." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amechoka. Bwana Hamza alitoka nje akasimama karibu na gari, na kanzu yake nyeupe ilikuwa na vumbi la magunzi mgongoni.

Kazi iliishia pale. Bwana Hamza aliniambia kwamba siku yoyote atakayoitwa polisi, nami nitaitwa. Basi nikasubiri. Nilisubiri miezi mizima. Niliuza maandazi ya mjane yule, na kila kofia ya kaki iliyosogea nilificha mkono. Hakuna aliyekuja. Mama Greta hakumshtaki mtu, au kama alimshtaki hayakufika Songea. Baadaye nilisikia Bwana Hamza ameuza vilivyobaki kwa mtu mwingine na amerudi kwenye vitenge. Watu hudhani hofu ya kitu kisichotokea ni nyepesi. Si nyepesi, kwa sababu haina siku ya kwisha. Mpaka leo sijui kama kadi zile zilibadilishwa. Huenda kuna mtoto mahali fulani anasoma kwamba mwanamke mmoja wa Ungoni hakuruhusu mtu akalie kigoda cha mumewe, na anaamini.

Mvua zilipoanza nilikwenda Maposeni kuomba radhi. Mzee alikuwa shambani. Bibi Yustina alinikaribisha jikoni, nikachochea moto wakati yeye akisonga, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. "Unajua," akasema akiwa amenipa mgongo, "kila mwaka ikifika siku ya mashujaa wa Majimaji, watu wote wanakwenda mjini, yeye anaumwa. Tumbo, mgongo, kichwa. Nimemchemshia dawa miaka yote hiyo. Nilidhani mjini kuna mwanamke anayemkwepa." Alisonga kidogo. "Sijui nikupige au nikushukuru." Akaepua. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, akanipakulia.

Mwezi wa pili, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, katekista hakuumwa. Alikuja mjini kwa miguu na koti lake, akanipitia kwa mjane, akasema nimsindikize maana macho hayaoni vizuri kwenye watu wengi. Sikutaka kwenda. Mahali penye kumbukumbu ya mashujaa palikuwa na maofisa, askari waliojipanga, sare kila upande, na nilihisi wote wananijua. Lakini yeye alikuwa ameshika kiwiko changu, na nilipomtazama niliona kwamba anaogopa kuliko mimi. Kidevu kilikuwa kinamcheza. Tukasogea hivyo, tumeshikana, mpaka kwenye turubai la wazee. Kijana mmoja mwenye utepe kifuani alitusimamisha kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Hapa ni kwa ajili ya familia za mashujaa. Wewe ni mtoto wa nani kati yao?"

Nilihisi vidole vyake vinanibana. Angeweza kutaja jina lolote.

"Si wa yeyote," akasema, na alisema kwa sauti ya kanisani, wakageuka watu wa safu mbili. "Mimi ni mtoto wa aliyejificha."

Kijana aliangalia karatasi yake kana kwamba yupo mtu aliyemwandikia jibu la hilo. Ndipo bibi mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, mzee sana, simjui wala sikuwahi kumwona tena, akakusanya khanga yake, akasogea kumpa mzee nafasi.

"Njoo ukae," akamwambia. "Hata wa kwetu alijificha."